Rangi ya Jicho

Kilichonipeleka kusini ni unga wa mahindi.
Usicheke. Ndege akichunwa hutoka maji na mafuta,
na unga ndio huyanyonya, manyoya yasishikamane.
Miaka kumi na moja pale Mweka niliwapaka unga chozi na kwera
hadi mkono ukawa mwepesi, na sifa zake zikafika
nisikofika. Barua ikaja: meli ya utafiti, miezi minne,
anatakiwa mchunaji.
Mimi, Anaeli Mshiu wa Kiborloni,
niliyejifunza kuogopa maji kwenye mto Rau, mwezi wa nne.

Walipakia magunia mawili. Mpishi akadhani ni yake.
Chumba changu kilikuwa chini, karibu na injini,
meza imekazwa kwa skrubu, kiti kwa mnyororo,
mimi kwa mkanda, maana bahari ile haina adabu:
inakusukuma huku umeona umeshika wembe.

Petreli wadogo walijileta. Usiku waliigonga taa,
asubuhi nawaokota sitahani, wepesi kama bahasha tupu.
Wengine waliletwa na bunduki, bado wana joto.
Albatrosi alipofika, chumba kilimkataa.
Tukafungua mlango, ncha ya bawa lake ikalala koridoni
na mabaharia wakaivuka kwa kunyanyua miguu,
kimya, kama wapitavyo kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Mkuu wetu, Bi Halvorsen, alikuwa na sheria moja.
Kabla ya mizani, kabla ya wembe, andika rangi ya jicho.
Manyoya yatasubiri miaka mia.
Jicho halisubiri hata chai ipoe.
Nikaandika. Kahawia. Kahawia iliyokolea.
Kijivu, pete ya njano. Kahawia.
Kisha nalitoa, naweka pamba.
Lebo mia moja na kumi na mbili, mwandiko wangu
ukipanda na kushuka kwa mawimbi.

Nilirudi Moshi nikanuka.
Petreli ana harufu ya nguo kuukuu zilizosahauliwa sandukuni,
haikubali sabuni. Nilioga mara tatu;
mama akafungua dirisha bila kusema neno.
Baadaye, akimenya ndizi:

Mliwala?
Hapana, mama.
Waliharibu shamba la mtu?
Huko hakuna shamba.

Akanyamaza. Ganda likaanguka kwenye beseni, na lingine.
Majibu ninayo. Mbele ya kamati niliyatoa yote:
plastiki tuliyoikuta matumboni, uzito uliopungua,
chawa asiye na jina bado.
Mbele ya beseni lile hayakuwa na miguu ya kusimamia.

Jioni nikapewa jogoo, wa kunikaribisha.
Nilipokwisha kumchinja, mkono ukajiendea wenyewe:
ukapanguza manyoya ya kifua kulia na kushoto,
ukapasua ngozi tu, nyama isiguswe,
ukaanza kuikunja taratibu kuelekea paja,
na mkono wa pili ulikuwa tayari ndani ya debe la unga
alipotokea mama na sufuria ya maji ya moto.

Anaeli! Unamvua shati?

Akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko.
Nami nikacheka, unga hadi kwenye viwiko,
jua la saa kumi na moja likimpiga usoni
kutoka upande, jinsi tulivyoielekeza taa kule chini.
Ndipo nikaona.
Kushoto: kahawia.
Kulia: kahawia, lakini ukungoni pana wingu la buluu,
mtoto wa jicho, mdogo, ameanza kujongea ndani.
Miaka arobaini na tatu nakula mkononi mwake,
ya albatrosi naijua kwa tarehe na saa.

Kalamu ilikuwa mfukoni. Ikabaki mfukoni.

Unakodoa nini? akasema.
Maji yanapoa.